Kukinga Mwanga: Jinsi ya Kuanza Kutazama Jua, Mwezi na Nyota Ukiwa Nairobi

Kila ninapopandisha darubini kwenye paa la ghorofa tunamoishi hapa Umoja, majirani hunifuata, na maswali huwa yale yale. Hii inavuta mara ngapi? Mbona nyota haikui? Naweza kuielekeza kwa Jua? Nami nikitaka kuanza, ninunue ipi? Nimeyajibu gizani mara nyingi, na sasa nayaandika mahali pamoja ili anayeanza apate pa kushika.

Kabla ya yote, elewa jambo moja. Kazi ya kwanza ya darubini si kuvuta vitu karibu. Kazi yake ni kukinga mwanga. Fikiria maji ya mfereji yamekatika siku tatu, kisha mvua inaanza. Ukitoa kikombe nje utapata maji ya kulowesha ulimi. Ukitoa karai utapata ya kuoshea vyombo. Mvua ni ile ile, ila mdomo wa chombo ndio umetofautiana. Mwanga wa nyota ni manyunyu. Gizani, mboni ya jicho lako hufunguka kama milimita 7. Lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 ni pana mara 10 kuliko mboni, kwa hiyo hukinga mwanga mara 100. Jua nalo ni mafuriko: karai lile lile linalokufaa usiku litakupofusha mchana. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Utakavyohitaji

- Darubini yenye lenzi au kioo cha milimita 70 kwenda juu, au darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina milimita 50. Hii ya macho mawili ni mwanzo mzuri kabisa, wala usiione duni.
- Stendi isiyotikisika.
- Lenzi za jicho mbili, yaani zile za kuchungulia zinazofungwa kwenye darubini, moja ya kukuza kidogo (milimita 20 au 25) na moja ya kukuza zaidi (milimita 10).
- Tochi iliyofungwa nailoni nyekundu.
- Simu yenye programu ya Stellarium, ambayo ni ramani ya anga, skrini ikiwa imewekwa rangi nyekundu.
- Katoni, karatasi nyeupe, foili ya jikoni, sindano na penseli.
- Daftari.
- Sweta. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai paani haina huruma.
- Ruhusa ya mwenye ploti au ya mlinzi, ili usisikie kufuli ikifungwa nyuma yako saa nne usiku.

Sasa kuhusu kununua, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kwenye boksi utaona kwa herufi kubwa kwamba darubini hii inakuza mara 525. Usiinunue kwa sababu hiyo. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi wa darubini (kutoka lenzi au kioo hadi picha inapojikusanya) kwa ule wa lenzi ya jicho: kwa darubini ya milimita 700, ukigawanya kwa 20 unapata mara 35, ukigawanya kwa 10, mara 70. Unaweza kulazimisha namba kubwa kwa kutumia kijilenzi kidogo, lakini mwanga uliokingwa haujaongezeka. Ni kama kumimina maji ya kikombe kwenye sinia, yanaenea na kuwa membamba. Kwa darubini ndogo, usivuke mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo. Lenzi ya 70 basi mwisho wake ni kama mara 140, na mara nyingi hata hapo hutafika. Uliza kipenyo kwanza, kisha uitikise stendi hapo hapo dukani.

Jambo lingine linatuhusu sisi wa hapa. Kuna stendi zilizotengenezwa kufuata mzunguko wa Dunia, ambazo mhimili wake huinamishwa kulingana na latitudo ya mahali. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mhimili huo ungetakiwa kulala karibu bapa, na stendi nyingi za aina hiyo hazishuki mpaka huko. Chukua ile rahisi inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia.

Hatua kwa hatua

1. Anza mchana, bila darubini. Kama umewahi kukaa kwenye nyumba ya mabati, umeshaiona picha ya Jua. Msumari uling'oka paani, pakabaki kitundu, na mchana kiduara cheupe cha mwanga kinatua sakafuni. Kitundu chenyewe huenda kina pembe pembe, lakini Jua likiwa juu, kiduara ni mviringo safi. Hilo ni umbo la Jua lenyewe. Kitundu kikiwa mita 3 juu ya sakafu, kiduara kitakuwa na upana wa karibu sentimita 3. Jua liko mbali nasi kwa takriban mara 108 ya upana wake, na uwiano huo huo unajirudia sakafuni kwako. Gawanya kilomita milioni 150 kwa 108 na utapata upana wa Jua, karibu kilomita milioni 1.4.

Chora ukingo wa kiduara kwa penseli, kisha tulia. Baada ya dakika mbili hivi kitakuwa kimetoka kabisa ndani ya alama yako. Hiyo ni Dunia inazunguka, nawe umeipima ukiwa umechuchumaa sakafuni.

Kama huna bati lenye tundu, kata dirisha kwenye katoni, lizibe kwa foili, kisha utoboe foili kwa sindano. Lipe Jua kisogo, mwanga upite kwenye kitundu na kuangukia karatasi nyeupe umbali wa mita moja. Utapata Jua lenye upana wa milimita 9. Njia hii ndiyo salama kuliko zote wakati wa kupatwa kwa Jua. Januari 15, 2010, Mwezi ulipopita mbele ya Jua asubuhi na kuacha pete ya moto hapa Nairobi, vitone vya mwanga vilivyopenya kwenye majani ya mti vilikuwa pete ukutani, mamia ya pete, zikicheza upepo ulipopuliza.

2. Shika sheria za Jua kabla hujaigusa darubini. Hapa naomba usome polepole.

*Onyo:* Usilitazame Jua kwa darubini isiyo na kichujio, hata kwa nukta moja. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga haina neva za maumivu, kwa hiyo itaungua na hutahisi chochote. Miwani ya jua, filamu ya eksirei, sidii, kioo chenye masizi na karai la maji la kutazamia kivuli cha Jua, vyote si kinga. Miwani ya kupatwa kwa Jua yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha usalama, ni ya macho matupu tu. Usiivae kisha uchungulie kwenye darubini, kwani mwanga uliokusanywa utaichoma pamoja na jicho.

Kichujio cha darubini hufungwa mbele, mdomoni, ili mwanga upunguzwe kabla haujakingwa. Kuna darubini zinazouzwa na kijikioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kuwa ni cha Jua. Kitupe. Kinakaa mahali ambapo joto lote limekusanyika, na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa pale. Funika pia ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni. Watoto huikimbilia hiyo kwanza.

Asubuhi moja niliacha darubini wazi paani, imeelekea mashariki, nikashuka kunywa chai. Niliporudi, nyuzi za ndani za ile ndogo ya kulengea zilikuwa zimeyeyuka. Zilikuwa nyuzi. Lingeweza kuwa jicho la mtoto wa jirani. Tangu siku hiyo darubini yangu hailali nje.

Ukiwa na kichujio sahihi mbele, kisichotobolewa wala kukunjika, utaona madoa ya Jua. Yanaonekana meusi kwa sababu yana joto la nyuzi 3,500 hivi za Selsiasi huku uso unaoyazunguka una 5,500. Chora yalipo leo, chora tena kesho na keshokutwa, utaona yanavyosogea: Jua nalo linajizungusha. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, basi usishangae ukikuta uso mtupu.

3. Linganisha darubini yako na ile ndogo ya kulengea kungali mchana. Elekeza darubini kubwa kwenye kitu kisichosogea kilicho mbali zaidi ya kilomita moja, kwa mfano ncha ya mnara wa simu, mbali kabisa na upande wa Jua. Kikikaa katikati, kaza stendi, kisha uzungushe skrubu za ile ndogo mpaka nayo ionyeshe ncha ile ile katikati. Ukiruka hatua hii, usiku utatafuta Mwezi dakika kumi na usiupate.

4. Chagua usiku na mahali. Januari na Februari ndiyo miezi yetu mizuri. Machi hadi Mei kuna mvua za masika, Oktoba hadi Desemba za vuli, na Julai na Agosti mawingu hukaa juu ya jiji kama blanketi. Jua hutua saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na giza la ikweta huingia haraka; saa moja na nusu unaweza kuanza.

Adui yetu mkubwa jijini ni zile taa za mulika mwizi. Usiombe zizimwe, watu wanazihitaji. Kaa mahali ambapo tangi la maji au ukuta wa ngazi utakukinga zisikupige usoni. Mwezi na sayari havijali taa za mtaani. Nyota hafifu zinajali sana, na siku ukitaka kuziona panga safari na wenzako hadi Olorgesailie, njia ya Magadi, usiku usio na Mwezi. Mara ya kwanza nilipofika huko nilidhani kuna wingu jembamba limekatiza anga. Ilikuwa Njia ya Maziwa.

5. Yape macho muda. Dakika 20 hadi 30 bila taa nyeupe. Ukifungua simu kusoma ujumbe, unaanza upya.

6. Anza na Mwezi. Weka lenzi ya jicho ya milimita 20, siyo ya 10. Usingoje Mwezi mpevu: wakati huo Jua linaupiga usoni moja kwa moja, hakuna vivuli, unaona sahani nyeupe tu. Subiri uwe nusu, au hilali iliyolala kama mashua jinsi tunavyoiona huku kwetu, kisha tembeza darubini kwenye mpaka wa giza na mwanga. Hapo kila shimo lina kivuli, na vilele vya milima vinawaka vikiwa peke yake upande wa giza. Mwanga huo umetumia sekunde 1.3 tu kukufikia.

7. Nenda kwenye sayari. Programu ya simu itakuambia iliyopo jioni hiyo. Kwa jicho tupu, sayari hung'aa kwa utulivu, nyota humetameta. Mshtarii ndiyo zawadi kubwa ya mwanzoni. Hata kwa mara 35 utaona vinukta hadi vinne vimejipanga kwa mstari: ni miezi yake, ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Chora mpangilio wake leo, chora kesho. Vinukta vitakuwa vimebadilishana nafasi, kimoja pengine kimejificha nyuma. Zohali huonyesha pete kwa mara 50 kwenda juu, ingawa kuna miaka hutugeuzia ukingo wake na pete zikawa kama uzi, kama ilivyokuwa 2025. Zuhura, anayeng'aa kuliko zote, hupita hali kama za Mwezi: nusu, hilali. Usimtafute kabla Jua halijazama kabisa.

8. Soma rangi za nyota. Nenda Kamukunji ukasimame karibu na fundi anayefua chuma. Kikianza kupata moto kinakuwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano, kikizidi kinaelekea weupe. Nyota ni hivyo hivyo, ila zenyewe huendelea mpaka buluu. Januari jioni, tafuta nyota tatu zilizopangana mstari mfupi: huo ni mkanda wa Orioni. Upande mmoja wa mkanda kuna Betelgeuse, nyekundu, yenye joto la nyuzi 3,000 na ushei usoni. Upande wa pili kuna Rigel, nyeupe ya kibuluu, inayopita nyuzi 10,000. Jua letu liko katikati ya hizo mbili. Ukivuruga fokasi kidogo kwa makusudi, nyota inatanuka na rangi yake inaonekana vizuri zaidi.

Ukifuata mkanda upande mmoja unafika kwa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Mwanga wake umesafiri miaka 8.6 kwa kilomita 300,000 kila sekunde. Ulianza safari wakati mtoto aliye Gredi ya 3 leo alikuwa hajazaliwa au ndiyo kwanza anazaliwa. Ukifuata mkanda upande wa pili unafika Kilimia, kishada kidogo cha nyota ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima. Ndiyo maana wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa jicho utahesabu nyota sita hivi. Kwa darubini ya macho mawili utapata makumi, na hapo ndipo hoja ya karai inajithibitisha yenyewe.

9. Jifunze dira ya anga letu. Mkanda wa Orioni huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Mwezi wa Mei, kama saa mbili usiku, geuka kusini uuone Msalaba wa Kusini, kisha geuka kaskazini uone nyota saba za Dubu Mkubwa. Mtu wa London hauoni Msalaba huo akiwa kwao hata siku moja. Sisi tuna anga zote mbili.

10. Andika. Tarehe, saa, lenzi uliyotumia, ulichoona. Mchoro mbaya una faida kuliko kumbukumbu nzuri.

Mambo yakienda mrama

*Naona giza tupu.* Kifuniko cha mbele kimetolewa chote, au umefungua kile kidogo cha katikati tu? Kama kimetoka, rudi kwenye lenzi ya milimita 20 na urudie hatua ya 3. Wengi huanza na ukuzaji mkubwa, na ukuzaji mkubwa huonyesha kipande kidogo mno cha anga.

*Naona duara lenye shimo jeusi katikati.* Hiyo ni darubini ya kioo iliyokosa fokasi. Shimo ni kivuli cha kioo kidogo cha ndani. Zungusha kitasa polepole hadi duara lisinyae kuwa nukta.

*Nimepata fokasi, lakini nyota bado ni nukta.* Ni sawa kabisa. Ukiondoa Jua, hata nyota za jirani zaidi, za Alpha Centauri, ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 4 kutufikia. Darubini yako haiwezi kuzifanya duara. Inazifanya zing'ae zaidi na ionyeshe nyingine zilizokuwa hazionekani.

*Picha imepinduka.* Ndivyo darubini za anga zilivyo. Angani hakuna juu wala chini, kwa hiyo hakuna anayeongeza lenzi ya kugeuza picha na kupoteza mwanga.

*Kitu kinatoroka.* Kwa mara 70, sayari hukatiza uwanja wako kwa dakika tatu hivi. Ni mzunguko ule ule uliouchora sakafuni. Iweke ukingoni, iache ipite, usiikimbize.

*Picha inachemka kama uji.* Zege la paa limenyonya Jua mchana kutwa na sasa linatoa joto. Toa darubini nje nusu saa kabla, usitazame juu ya mabati ya jirani, na ukiweza subiri hadi saa tatu au nne usiku.

*Picha inatikisika.* Ning'iniza jerikeni ya lita 5 yenye maji katikati ya miguu ya stendi, na usirefushe miguu yote hadi mwisho. Kama kamba za nguo zimefungwa kwenye nguzo unayoegemea, hama.

*Lenzi ina vumbi au umande.* Usiifute kwa leso wala fulana. Vumbi la Nairobi litaikwaruza. Puliza kwa kipulizio cha mpira. Umande uache ukauke wenyewe ndani ya nyumba, kifuniko kikiwa wazi.

*Wingu la Orioni halina rangi kama pichani.* Hilo ni wingu la gesi lililo karibu na ule mkanda. Kamera hukinga mwanga kwa dakika au saa nzima na kuujumlisha. Jicho humwaga na kuanza upya mara nyingi kila sekunde. Utaona moshi wa kijivu. Tazama pembeni kidogo badala ya moja kwa moja, na moshi utaongezeka.

*Je, kuna mwanga usioonekana kwa darubini yoyote ya paani?* Aliniuliza hilo msichana wa kidato cha pili, na nilifurahi aliuliza. Upo, na mwingi. Miali ya eksirei kutoka angani huzuiwa na hewa yetu, kwa hiyo karai lake lazima lipelekwe juu ya hewa. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970. Ilirekodi vyanzo 339 vya eksirei angani. Kwa kuwa ilipaa siku ya kuadhimisha uhuru wetu, waliiita Uhuru.